Nimepigwa 350,000 kwa "dawa ya dizeli" na fundi niliyemwamini

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Fundi wangu wa gereji, niliyemtumia miaka sita, aliniletea muuzaji wa dawa ya kuchanganya kwenye dizeli. Canter yangu ilikuwa inatoa moshi mweusi na kula mafuta. Nikaambiwa chupa moja kwa lita 100, ulaji unashuka asilimia 25, moshi unakata, eti hata salfa inaondoka. Nikabeba boksi la chupa 10, kila moja 35,000.

Mimi naandika kila kitu kwenye daftari. Najaza tenki mpaka shingoni Dar, napeleka mzigo Iringa, narudi na viazi, najaza tena sheli ileile. Kabla ya dawa, kwenda na kurudi lita 178. Safari nne na dawa: 176, 179, 180, 177. Mlima Kitonga moshi uleule, mpaka basi la nyuma likawasha taa mchana kweupe. Nampigia muuzaji, ananiambia niongeze dozi!

Nikaenda kwa fundi pampu mwingine. Akafungua nozeli, ile ncha inayonyunyiza dizeli ndani ya injini, akaifunga kwenye kipimo, akasukuma mpini. Dizeli inatakiwa itoke kama ukungu. Ikatoka uzi mmoja mnene, halafu ncha ikabaki inadondosha. Chujio la hewa alipoligonga chini, vumbi likamwagika kama unga. Tumeweka nozeli nne mpya na chujio jipya. Safari iliyofuata lita 158, na Kitonga nimepanda nikiangalia kioo cha pembeni, moshi sikuuona.

Sisemi dawa zote ni uongo. Zipo za kupandisha seteni ili dizeli iwake upesi, zipo za kusafisha masizi kwenye nozeli. Lakini nozeli iliyolika hairudishwi na maji ya chupani. Na salfa huondolewa kiwandani kwa haidrojeni, kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Kwenye tenki la Canter inaondokaje?

Chupani wameandika "imesajiliwa na EPA ya Marekani". Hiyo ni mamlaka yao ya mazingira, nikadhani ndiyo uthibitisho. Kumbe EPA kusajili dawa ya mafuta si kuiidhinisha, na hao hao wameshachunguza vifaa na dawa za kupunguza ulaji zaidi ya 100, chache mno zikaonyesha nafuu, tena ndogo.

Fundi wangu ndiye anayeniuma zaidi. Moshi mweusi kwenye dizeli unaanza kuutafuta kwenye chujio na nozeli, na yeye anajua hilo kuliko mimi. Hakufungua hata bolti moja. Nilipombana akakiri anapata 5,000 kila chupa.

Chupa mbili ninazo, hazijafunguliwa. Muuzaji amekataa kuzipokea na sasa hapokei simu. Nataka hela yangu yote. Kama nawe umeuziwa, weka hapa kilomita zako na lita zako, kabla na baada. Nakusanya, nakwenda nazo FCC, Tume ya Ushindani.