Gumzo la familia: ruhusa ya Kulwa na Doto kuingia boti ya tanga

Baba Mdogo (Igoma): Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naleta hapa suala la Kulwa na Doto kwa sababu fomu iko kwa baba yao tangu wiki iliyopita na haijatiwa saini. Kiongozi wa kundi lao la skauti anataka kuandaa jozi moja ya vijana itakayoomba nafasi katika mashindano ya kimataifa ya skauti wa majini, yale yenye jina la William Koch, Mmarekani aliyetwaa Kombe la Amerika la mashua za tanga mwaka 1992 (si lile la mpira, msije mkachanganya). Mashindano hayo hufanyika Marekani kila baada ya miaka miwili, na kila boti hubeba vijana wawili. Kinachoombwa kwetu sasa si nauli, ni ruhusa ya wazazi ili mazoezi yaanze hapa hapa ziwani.

Mama Kulwa (Kirumba): Shemeji, baba yao asilaumiwe, kwani fomu nimeizuia mimi. Mama yangu mdogo alikuwa ndani ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, gati likiwa limeshakaribia. Sasa mnaniambia watoto wangu wawili, na wote kwa pamoja, wapande chombo kisicho na injini wala paa, tena wakakimbizane na upepo. Naomba nielezwe kwa utaratibu, maana kuambiwa kwamba ni michezo tu hakunitoshi.

Baba Mdogo: Una haki ya kuelezwa, shemeji. Vyombo vile viwili vilibeba kupita uwezo wake, na abiria walikuwa ndani au wamebanana, bila nafasi ya kujiokoa chombo kilipolala. Boti wanazofundishiwa vijana ni kitu kingine. Zinazotumika sana duniani ni Flying Junior, iliyobuniwa Uholanzi mwaka 1955, na 420 ya Wafaransa, ambayo namba yake ni urefu wake kwa sentimita. Ni vyombo vya mita nne na kidogo, vyepesi, vyenye hewa iliyofungiwa ubavuni ili visizame hata vikijaa maji. Kupinduka kumo ndani ya masomo yenyewe, na kijana haruhusiwi kushindana kabla hajaonyesha kwamba anaweza kuiinua boti yake mwenyewe.

Mama Kulwa: Anaiinuaje?

Doto: Shikamooni wote. Mama, tulionyeshwa kwa picha na baadaye kwa boti iliyokuwa nchi kavu. Boti ikilala ubavu, mmoja wetu anazunguka hadi upande wa chini na kupanda juu ya mkuku, ule ubao unaoshushwa katikati ya boti, kisha anashika ukingo na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Mwingine anabaki upande wa tanga, anahakikisha kamba ya tanga imelegezwa, halafu anajilaza ndani ili boti inapoinuka imchukue. Kosa kubwa ni kuiacha boti na kuogelea kuelekea pwani kwa sababu pwani inaonekana karibu.

Babu (Kayenze): Marahaba wajukuu. Hilo la mwisho andikeni kwa herufi kubwa. Wavuvi wengi niliowafahamu waliopotea hawakuuawa na kupinduka, waliuawa na kuacha mtumbwi. Mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji unaelea, lakini mtu anaona taa za Kayenze, anadhani atafika.

Nina maswali mawili. Huko wanakokwenda, mashindano ni ya kwenda na upepo au ya kuupinga? Na vyombo vikikutana, nani anampisha nani? Sisi tulipovua kwa tanga hatukubishana na upepo. Usiku upepo wa nchi kavu ulitutoa, mchana upepo wa ziwa ukaturudisha, na mtu aliyekosea saa alipiga kasia hadi viganja vikatoka malengelenge.

Baba Mdogo: Marahaba yako naipokea, Baba, na maswali yako ndiyo kiini cha mchezo wenyewe. Njia ya mashindano huwekwa kwa maboya, na boya la kwanza huwekwa makusudi kule upepo unakotoka, ili hakuna anayeweza kulielekea moja kwa moja. Lazima wapige bisha, yaani waende mshazari upande mmoja, wageuze, waende mshazari upande wa pili, na kila wanapogeuza wanapoteza mwendo kidogo. Hapo ndipo akili inaposhinda misuli, kwa sababu upepo haukai mahali pamoja, na anayeuona ukigeuka mapema hupata njia fupi kuliko mwenzake mwenye nguvu. Baada ya boya hilo hurudi na upepo mgongoni.

Kuhusu kupishana, chombo kinachopokea upepo ubavu wa kushoto hukipisha kinachoupokea ubavu wa kulia. Vikiwa vyote vinapokea upepo ubavu mmoja, aliye joshini, yaani upande upepo unakotoka, humpisha aliye demani, upande upepo unakokwenda. Anayevunja kanuni hizi hujiadhibu mwenyewe papo hapo kwa kuzungusha boti mara mbili kamili, ndipo aendelee. Hakuna refa mwenye filimbi katikati ya maji. Asiyejiadhibu na mwenzake akalalamika, kesi husikilizwa nchi kavu jioni, kwa mashahidi.

Babu: Mtu ajiadhibu mwenyewe mbele ya ushindi? Hiyo ningependa kuiona kwa macho yangu.

Baba Mdogo: Na liko jingine litakalokushangaza zaidi. Mshindi ni mwenye alama chache. Wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, wa kumi 10, na mashindano hurudiwa mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha matokeo mabaya kuliko yote kwa kawaida hufutwa. Kwa hiyo jozi isiyowahi kuwa ya kwanza inaweza kuchukua kombe kwa kuwa ya tatu kila siku. Na pale waandaaji wanapotoa boti, vijana hupokezana boti hizo ili pasiwe na wa kusingizia chombo kibovu.

Kulwa: Baba Mdogo umesahau mwanzo, na mwanzo ndio mgumu kuliko yote. Boti haina breki. Bendera ya onyo hupanda dakika 5 kabla, ya pili hupanda dakika 4 kabla na kushushwa ikibaki dakika 1, na muda wote huo boti zote zinazungukazunguka nyuma ya mstari zikitafutiana nafasi. Ukivuka mstari sekunde moja mapema, unarudi nyuma kuanza upya wakati wenzako wanaondoka.

Shangazi (Bukoba): Nimesoma yote. Mimi kama muuguzi hofu yangu haiko kwenye dhoruba, iko kwenye kichocho, na nashangaa hakuna aliyekitaja. Hawa watoto watashusha na kupandisha boti kila siku wakiwa wamesimama kwenye maji ya magotini, na maji ya namna hiyo, yenye matete na magugu maji, ndipo konokono wanapoishi. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha kupanda hadi mchana, na huingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Katikati ya ziwa hatari ni ndogo, ukingoni ndiko kwenye kazi. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba kiongozi achague mahali pa mchanga au mwamba pasipo na majani, na watoto wapimwe kabla ya kuanza na wapimwe tena wiki kadhaa baadaye. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaipita, ndiyo maana kumeza kidonge jioni ya siku uliyoingia majini hakusaidii kitu.

Mama Kulwa: Wifi, asante. Hayo ndiyo maelezo niliyokuwa nayataka, ya mtu anayetaja hatari kwa jina lake.

Baba Kulwa: Shikamoo Baba. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusoma kwanza historia ya hawa skauti wa majini. Nimeona kwamba walianza Uingereza mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Baden-Powell kufanya kambi ya kwanza ya skauti kisiwani Brownsea. Ni huyu huyu aliyezikwa Nyeri, jirani zetu hapa. Lakini nimeona pia kwamba tarehe 4 Agosti 1912 boti ya tanga iliyobeba skauti ilipigwa na upepo wa ghafla karibu na Leysdown, huko huko Uingereza, wakazama watoto tisa, wanane wao wakiwa skauti. Walikuwa na watu wazima ndani ya boti na pwani ilikuwa inaonekana. Kwa hiyo naunga mkono mchezo huu, lakini siungi mkono kiongozi yeyote anayesema kwamba nidhamu ya skauti peke yake inatosha. Nataka kujua ni nani anayeamua kwamba leo hakutokwi, na kama uamuzi huo unaweza kupinduliwa na mgeni rasmi aliyekwisha kufika na kukaa kwenye kiti.

Baba Mdogo: Swali zuri, na nimemuuliza kiongozi leo mchana. Anasema atafuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotolewa kwa ajili ya ziwa, na hakuna boti itakayotoka bila boti ya injini ya kuwafuata. Jaketi okozi zitafungwa nchi kavu, si ndani ya chombo. Kuhusu mgeni rasmi hakunijibu vizuri, akacheka.

Babu: Utabiri ni mzuri, lakini muda nao utazamwe. Ziwa hili ngurumo zake nyingi ni za usiku na alfajiri, na mabaki yake huweza kufika hadi asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huanza taratibu, ukaongezeka baada ya adhuhuri. Mtu akiona wingu jeusi upande wa maji na chini yake kuna mstari mweupe unaokimbia juu ya maji, huo mstari ni upepo, na hana dakika nyingi. Ashushe tanga hapo hapo, asingoje kuambiwa.

Mama Kulwa: Na je, mmoja wao akianguka majini na wenzake wako mbioni kushinda? Vijana wa siku hizi wakitaka kombe hawaoni kitu kingine.

Baba Mdogo: Shemeji, kanuni ya kwanza kabisa katika kitabu cha kanuni za mchezo huu duniani, kabla ya kupishana na kabla ya alama, inamlazimu kila mshindani kumsaidia aliye hatarini kwa kadiri anavyoweza. Na aliyepoteza nafasi kwa sababu hiyo anaweza kufidiwa. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, mashindano ya boti yalifanyika Pusan kwenye upepo mkali, na Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa katika nafasi ya pili alipowaona Wasingapore wawili wa mashindano mengine wamepinduka, mmoja amebebwa na mkondo mbali na boti. Aliacha njia yake, akawaokoa, akangoja hadi boti ya doria ikawachukua, ndipo akaendelea na kumaliza mbali nyuma. Waamuzi walimrudishia nafasi yake ya pili katika mbio zile. Medali ya mchezo hakuipata, lakini Kamati ya Olimpiki ilimpa medali ya heshima ya Pierre de Coubertin.

Mama Kulwa: Huyo mama yake alilala usingizi mzuri.

Basi nitasema masharti yangu, na baba yao atayaandika nyuma ya fomu kabla ya kutia saini. Kwanza, kila mmoja aogelee mbele yangu umbali atakaotaja kiongozi, bila jaketi, akiwa amevaa nguo. Doto namjua, lakini Kulwa anaogelea kwa kelele nyingi na mwendo kidogo. Pili, yale aliyosema wifi kuhusu mahali pa kushushia boti na kupimwa. Tatu, siku ya kutotoka iamuliwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na mimi niwe na namba yake ya simu. Nne, hakuna mazoezi wiki ya mitihani, hata kama upepo ni mtamu kiasi gani.

Baba Kulwa: Nayaandika. Liko jambo dogo limebaki: fomu inauliza nani atashika usukani na nani atakuwa msaidizi wa tanga la mbele. Nimeandika Kulwa kwenye usukani, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa.

Doto: Baba, kwa heshima zote, naomba jambo hilo lisiamuliwe na dakika kumi za siku ya kuzaliwa.

Babu: Kulwa, mjukuu wangu, niambie bila aibu: mlipokuja likizo nikawapa mtumbwi, ni nani aliyekuwa anauona upepo kabla haujafika?

Kulwa: Doto, Babu. Na mimi ni mzito kuliko yeye. Msaidizi ndiye anayejitupa nje ya ukingo ili boti isilale, kwa hiyo uzito wangu unafaa zaidi huko. Tulishakubaliana wenyewe, tulikuwa tunasubiri tuulizwe.

Baba Kulwa: Nimefuta, nimeandika upya. Doto usukani, Kulwa tanga la mbele.

Mama Kulwa: Na mimi nimeshaona wino. Kulwa, Jumapili tunakwenda kuogelea.

Babu: Kabla hamjapewa hizo boti za Kizungu, njooni Kayenze Jumamosi saa tano, upepo wa ziwa ukiwa bado mdogo. Tanga langu limechanika pembeni, mje na sindano kubwa na uzi wa nailoni.

Shangazi: Wakitoka hapo, Jumatatu wapite kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani wakapimwe choo na mkojo, na majibu mniandikie hapa hapa. Baba, na wewe uende nao. Umekaa ndani ya hayo maji tangu kabla sijazaliwa na sijawahi kusikia umepimwa.

Babu: Nitakwenda, lakini vikopo abebe Kulwa.