Nasoma utalii. Fani ndogo nichukue mawasiliano ya kidijitali au uhasibu?

Mwana_Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa kwanza, shahada ya utalii. Chuo kinatutaka tuchague fani ndogo na fomu inafungwa Ijumaa. Moyo wangu uko kwenye mawasiliano ya kidijitali. Baba mdogo, ambaye ndiye anayenilipia ada, anataka uhasibu. Anasema kupiga picha na kuposti kila mtu anajua. Sitaki kumvunjia heshima, ila nimekulia Tanga, na naumia kuona Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 tu kutoka mjini, wenzangu chuoni hata hawajayasikia. Mliotangulia nishaurini.

Fundi_Sauti:
Mdogo wangu, mimi fani kuu ilikuwa kilimo, ndogo ndiyo hiyo ya mawasiliano. Baba mdogo ana nusu ya hoja, kuposti hakuhitaji darasa. Ila kuna siku nilirekodi mahojiano na mvuvi mmoja mzee pale ufukweni Deep Sea, Tanga, upepo wa kusi unavuma. Picha safi kabisa, kufika nyumbani sauti yote imemezwa. Kesho yake nikarudi, nikafunga kipande cha kanga kwenye maiki, tukakaa nyuma ya ngalawa iliyopandishwa mchangani. Mzee akarudia yote, lakini kile kicheko cha jana hakikurudi. Darasani unafundishwa hayo: sauti kwanza, swali liulizweje, ukate wapi. Usiende kwa ajili ya programu ya kuhariri, hiyo utajifunza mwenyewe na kesho itakuja nyingine.

Mama_Chumbageni:
Mwanangu, omba mtaala kabla ya kujaza fomu. Ukikuta nadharia tupu, hakuna somo hata moja la vitendo, msikilize baba yako mdogo. Uliza pia kama wanafundisha sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023, na sura ya mgeni uliyempiga picha pangoni ni taarifa yake. Usiitie kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake. Ukija kufungua chaneli ya habari, kuna leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kijana_wa_Pongwe:
Baba mdogo usibishane naye kwa maneno. Nenda Amboni kabla ya Ijumaa, mtengenezee video ya dakika mbili, umkalishe aitazame.

Mwana_Ngamiani:
Shikamoo mama, ahsanteni nyote. Mtaala nimeupata: masomo sita, matatu ya vitendo, na la sheria lipo. Kesho asubuhi naenda Amboni na mwenzangu. Fundi, mle ndani upepo hakuna, ila mwangwi je?

Fundi_Sauti:
Mwongozaji asimame karibu nawe, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Na kabla hajaanza kusema, rekodi dakika nzima ya popo peke yao. Utaihitaji ukihariri.