Bwawa la uani limejaa viluwiluwi wa mbu, familia inataka nilifukie. Naomba ushauri wa haraka

PapaGloire
Jambo wandugu. Niko Goma, Katindo. Uani nina bwawa dogo la saruji, mita 3 kwa 2, kina sentimeta 60 hivi. Mna tilapia na mayungiyungi mawili. Tangu mvua za mwezi wa tisa zianze maji yamegeuka kijani, na ukiinama unaona lava za mbu zinacheza juu ya maji. Mama mkwe amekuja kutusaidia na mtoto. Siku ya tatu tu ametangaza: lifukiwe. Mke wangu yuko upande wa mama yake. Mimi bwawa hili nalipenda, ndipo napumzikia jioni nikitoka kazini. Nipeni njia ya kuwaua bila kulifukia, na iwe ya haraka maana Jumamosi nina mgeni.

Kasuku_Birere
Ndugu, tafadhali rekebisha kichwa cha uzi. Umeandika "lava", "uani" na "Goma" kwenye mstari mmoja. Sisi tuliokimbia volkano 2002 na tena Mei 2021 neno hilo hatulisomi tukiwa tumekaa. Mke wangu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vya watoto.

PapaGloire
Mniwie radhi sana, sikufikiria. Nimebadilisha, sasa ni viluwiluwi.

MamaBahati
Papa Gloire, mama mkwe hakosi kila kitu. Amelea watoto kabla yako. Mtu anapokuja kukulelea mtoto halafu unabishana naye kwa ajili ya dimbwi, hapo mimi naona shida haiko ndani ya maji. Mtoto ana umri gani?

Yaya_Riziki
Weka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nenda ufukweni Kituku asubuhi, omba wavuvi wakupe wakiwa bado hai kwenye ndoo. Samaki mdogo anakula kila kinachotembea. Marehemu baba yangu kule Bukavu, Muhumba, alikuwa na bwawa kubwa kuliko lako, na bata sita. Tulikuwa tunatumwa kuokota mayai ya bata kwenye majani kabla ya kwenda shule, na ukirudi mikono mitupu chai hupati. Sikumbuki mbu hata mmoja.

Mvuvi_Mstaafu
Yaya, sambaza hapana. Ni samaki wa maji ya wazi, anatembea kwa makundi katikati ya ziwa, na ukimshika tu magamba yanatoka na anakufa. Hata Ziwa Kivu hakuzaliwa humo, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Ndoo moja haimfikishi Katindo akiwa mzima. Bwawani ni tilapia wadogo. Yule mkubwa anapenda zaidi ule ukijani wa maji, wadogo ndio wanaokimbiza wadudu.

Muuguzi_Ndosho
Papa Gloire, kabla sijasema lolote. Samaki wako ni wangapi na wako hai? Umeshaweka kitu chochote ndani ya maji? Na mtoto ameugua?

PapaGloire
Samaki walikuwa 40 hivi. Mtoto ana miezi 9, sasa yuko vizuri. Hebu tuongee dawa.

Muuguzi_Ndosho
"Walikuwa". Na mtoto "sasa" yuko vizuri. Baba, maneno hayo mawili ndiyo ninayoyauliza. Dawa gani nikupe ya maji nisiyoyajua?

PapaGloire
Sawa. Sikutaka kuandika kwa sababu najua mtanirukia. Jumapili jioni nilimwaga mazutu (dizeli), nusu lita tu. Dereva mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyeniambia. Na ilifanya kazi, viluwiluwi walizama wasirudi. Jumatatu alfajiri nikakuta samaki 11 wanaelea. Sina hakika ni mazutu, huenda walikuwa wagonjwa. Babu alikuwa akisema wakati wa wakoloni wakubwa wa afya walipita wakimwaga mafuta kwenye madimbwi, na watu walipona. Nimeshanunua bidoni (dumu) ya lita tano, nilitaka kumalizia leo usiku.

Mtoto alipimwa wiki iliyopita, malaria. Amemaliza dawa.

MamaBahati
Ee Mungu wangu.

Muuguzi_Ndosho
Bidoni hiyo iache ilivyo, nakuomba.

Babu hakukosea. Kiluwiluwi wa mbu anaishi majini lakini anapumua hewa ya juu, na utando wa mafuta unamziba pumzi. Utando huohuo ndio unaozuia hewa kuingia majini kwa samaki. Maji yako ya kijani usiku yanatumia hewa badala ya kuitoa, kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri, saa ileile uliyowakuta wanaelea. Ukimwaga tena leo, kesho hutahesabu 11.

Kingine ni mawe yetu. Goma maji hayakai juu, yanapenya kwenye matundu ya mawe ya volkano na kushuka ziwani, na ziwani ndiko watu wanakoteka kwa bidoni. Usiyamwage hayo maji nje. Tandaza magazeti au matambara makavu juu ya maji, yaache yanyonye utando, yakunje taratibu, rudia mpaka ule mng'ao wa rangi-rangi uishe. Yatie kwenye kitu kinachofungwa na uyapeleke gereji pamoja na mafuta yao machafu. Halafu badilisha robo ya maji, usiyabadilishe yote kwa mara moja.

Unawalisha nini samaki?

PapaGloire
Mabaki ya bugali. Asubuhi na jioni.

Mvuvi_Mstaafu
Ndiyo sababu ya ukijani. Wakishiba bugali hawatafuti viluwiluwi, na kinachobaki kinaoza chini na kulisha ukijani. Wape kidogo, kiishe ndani ya dakika chache, siku nyingine usiwape kabisa.

Fundi_Makoro
Mimi naomba niseme wazi. Uzi huu naona umetungwa. Mita 3 kwa 2 kwa sentimeta 60 ni lita 3,600. Bidoni ya lita 20, hiyo ni bidoni 180. Nani Goma hii anayenunua bidoni 180 za maji kulisha mayungiyungi? Nimechonga mawe Katindo miaka mingi, kuchimba shimo la choo tu ni nyundo na jasho wiki nzima. Halafu tumeambiwa mgeni anakuja Jumamosi na haraka yote ni ya huyo mgeni. Mgeni gani anayekagua viluwiluwi? Huyu anapitisha muda, na nyinyi mnamwandikia barua ndefu.

Kasuku_Birere
Kuhusu mgeni hata mimi nilijiuliza.

Mwalimu_Hesabu
Kuhusu maji, Fundi, hesabu yako ni sahihi lakini chanzo umekisahau. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Mabati ya nyumba ya kawaida, tuseme mita mraba 80, mvua moja nzito ya milimita 25 inatoa lita 2,000. Mvua mbili na bwawa limejaa bila bidoni hata moja. Nyumba ngapi hapa mjini zinaishi kwa siterne (tangi) ya maji ya mvua? Kuhusu mgeni sisemi.

PapaGloire
Fundi, halikuchimbwa. Limejengwa juu ya mwamba kwa mawe na saruji, kuta ziko juu ya ardhi. Linajazwa na bomba la mabati, likizidi linamwagikia kwenye siterne.

Mgeni ni mwenye parseli (kiwanja na nyumba). Mimi ni mpangaji. Bwawa ni lake, samaki ni wake, alivileta vifaranga vya tilapia mwenyewe na kuniachia nivitunze. Jumamosi anakuja kuviona. Ndiyo maana siwezi kufukia na ndiyo maana sikuweza kusubiri. Niliandika "bwawa langu" kwa sababu miaka miwili ni mimi ninayelisafisha.

Fundi_Makoro
Basi nimeelewa. Samahani, ndugu. Nijibu swali moja tu: maji ya bwawa lenye mazutu yanamwagikia kwenye siterne mnayotumia?

PapaGloire
Ya kufulia na kuoshea vyombo. Jumatatu usiku ilinyesha. Sikuwaza.

Muuguzi_Ndosho
Maji hayo yasiguse vyombo wala nguo za mtoto. Tenganisha bomba leo.

Kisha nifanyie kitu kimoja. Chukua upawa au sahani nyeupe. Nenda bwawani jua likiwa mbele yako, kwa sababu kivuli chako kikiwagusa wote wanazama na utadhani hamna kitu. Chota pembeni, penye majani, mara kumi. Hesabu, na uangalie wamekaaje. Anayening'inia kichwa chini, mkia juu kama anapumulia mrija, kwa kawaida si yule wa malaria. Anayelala sambamba na maji kama kipande cha uzi, huyo ndiye. Wale waliojikunja kama alama ya mkato hawali tena, karibu wanaruka. Fanya hivyohivyo kwenye siterne na kila kitu chenye maji uani.

PapaGloire
Nimerudi. Bwawani mara kumi nimepata watatu tu, wote kwenye kona ya majani ambako samaki hawapenyi. Wamelala kama ulivyosema. Siterne: upawa mmoja nimehesabu 40 nikaacha, wote wananing'inia. Na tairi tulilolilaza juu ya mfuniko wake lina maji ndani, nimelitikisa yakawa meusi kwa viluwiluwi.

Muuguzi_Ndosho
Kwa hiyo wanaowauma usiku kucha wengi wanatoka kwenye siterne. Hao watatu wachache ndio wa malaria, na mtoto angeweza kuumwa na mbu wa jirani pia, mbu anaruka mamia ya mita. Fyeka majani ya kona hiyo mpaka ukuta uwe wazi na samaki wafike. Tairi litoboe au liondoe. Siterne ifunike kwa kitambaa chepesi kilichokazwa, bila mwanya. Kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 14 kulingana na joto, kwa hiyo kagua kila wiki, siku ileile. Ukitaka dawa, uliza kwenye maduka ya dawa za kilimo kama wana Bti. Ni bakteria waliogunduliwa Israeli 1976, kiluwiluwi anawala na kufa, samaki hawadhuriki. Wale waliojikunja hawatakufa kwayo maana hawali, ndiyo sababu inarudiwa.

Yaya_Riziki
Bata hatuwaongezi?

Mvuvi_Mstaafu
Mavi ya bata yatakuwa bugali ya pili, Yaya.

PapaGloire
Jumapili. Mwenye parseli amekuja. Nilimwambia kabla hajafika bwawani, nikamwonyesha bidoni. Alinyamaza muda mrefu, akahesabu samaki 24 aliowaona, akasema vifaranga vingine nitalipa mimi. Nimekubali. Bomba nimelitenganisha, siterne nimeimwaga na kuisugua, tairi limeondoka. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyefyeka ile kona, hakunisubiri.

MamaBahati
Aksanti kwa kurudi kutueleza. Mtoto analala kwenye chandarua?

PapaGloire
Kipo. Kilikuwa kimefunika vifaranga vya kuku, mwewe walikuwa wanavichukua. Jana usiku nimekifua, tumekirudisha kitandani. Vifaranga nimevitafutia kikapu.