Naomba ushauri: tugome vipi bila kuumizana?

Habari zenu wapendwa. Vijana wa mtaa wetu hapa Kisumu wanataka tufunge vibanda siku tatu kudai haki. Nawaunga mkono, ila nyanya zangu hazijui siasa: safari iliyopita nilifunga siku mbili, nikatupa kreti nzima, na mkopo wa chama ukanisubiri palepale. Nimewaeleza habari za Port Elizabeth, Afrika Kusini, 1985: watu walisusia maduka ya wazungu mjini, wakanunua kwa wenzao mitaani, hadi wenye maduka wakaisihi serikali. Wanasema hiyo inachelewa.

Sasa, hapa mwenye duka ni jirani, tumsusie nani? Na mliowahi kugoma, sisi wa vitu vinavyooza mlitusaidiaje?