Kikundi cha ukoo, Bukavu: zoezi la Furaha

Furaha: Jambo Baba mdogo, jambo Shangazi. Kesho mwalimu ataniita ubaoni, nami nimekwama kwenye y = x² − 6x + 8: natakiwa kutafuta sifuri zake, yaani thamani za x zinazofanya y iwe 0, na kilele, yaani mahali mchoro wake unapogeuka. Nimepata vigawo (x − 2)(x − 4), nikaandika kwamba sifuri zake ni −2 na −4, lakini nikiweka −2 mahali pa x ninapata 24.

Baba mdogo: Jambo mwanangu. Umefanya vyema kulijaribu jibu lako, maana hapo ndipo kosa limejitokeza. Vigawo ni sahihi, kwa kuwa −2 na −4 zikijumlishwa hutoa −6 na zikizidishwa hutoa 8. Lakini zao la namba mbili haliwi sifuri mpaka moja yake iwe sifuri. Jiulize basi: x iwe ngapi ili x − 2 iishe kabisa?

Furaha: Iwe 2, na kwenye kigawo cha pili iwe 4. Nimeelewa. Na kilele, nianze na delta, ile b² − 4ac?

Baba mdogo: Delta utaihitaji siku utakapopewa kama x² − 6x + 7, ambayo haina vigawo vya namba kamili. Hapa usiikimbilie. Ukikunja parabola, yaani mchoro uliopinda wa y hii, kama unavyokunja kitenge, pande mbili zinalingana, na mkunjo hupita katikati ya zile sifuri mbili, 2 na 4, yaani kwenye x = 3. Hapo y ni 9 − 18 + 8, ambayo ni −1.

Shangazi: Samahani, mbona mnaita kilele mahali palipo chini kuliko pote?

Baba mdogo: Ni swali zuri, dada. Namba iliyo mbele ya x² ikiwa chanya, parabola hufunguka kuelekea juu na kilele huwa chini. Ikiwa hasi, kilele huwa juu kweli. Tazama waya wako wa mita 40 wa boma la kuku, ambalo ukuta wa nyumba utakuwa upande wake wa nne. Likitoka ukutani kwa mita x kila upande, upande unaotazamana na ukuta hubakiwa na mita 40 − 2x, na eneo lake ni x(40 − 2x), ambapo namba iliyo mbele ya x² ni −2. Sifuri ni 0 na 20, katikati ni 10, na eneo kubwa kuliko yote ni 10 × 20, yaani mita za mraba 200.

Furaha: Shangazi, fundi alipima mita ngapi kutoka ukutani?

Shangazi: Alipima 5. Basi ni 5 × 30, mita za mraba 150 tu, kwa waya uleule! Ninatoka sasa hivi kumzuia kabla hajachimba mashimo ya nguzo.