Mjadala: Wachezaji wa chuo wakishalipwa, shabiki wa UConn anabaki akishangilia nini?

Baba Neema (Hartford)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kesi inayojulikana kama kesi ya House, na kuanzia msimu wa 2025–26 kila chuo kilichoridhia kinaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka. Tangu Julai 2021 mchezaji aliweza kulipwa na watu wa nje kwa kutumia jina na sura yake katika matangazo. Tofauti ya sasa ni kwamba mlipaji ni chuo chenyewe. Idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) haijitoshelezi kwa mapato yake, kwa hiyo pengo huzibwa kwa fedha za chuo na kwa ada ambazo wanafunzi wote hulipa. Maana yake ni kwamba binti anayesomea uuguzi kwa mkopo anamchangia malipo kijana wa rika lake ambaye mwakani huenda akavaa jezi ya chuo kingine.

Storrs, kilipo chuo hicho, ni kijiji kilichozungukwa na mashamba. Ushabiki wa pale ulijengwa na ukaribu: mchezaji uliyemshangilia jana usiku katika ukumbi wa Gampel ulikutana naye asubuhi kwenye foleni ya chakula. Mimi naona ukaribu huo unakufa. Akishakuwa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja, shabiki hana tena mwenzake wa kumshangilia, bali ana mtumishi wa kumkagua. Tusijidanganye kwamba ushabiki wa kumfuata mtu mmoja ni ushabiki wa chuo. Watanzania wengi waliijua UConn siku Mtanzania mwenzao, mchezaji wa kikapu Hasheem Thabeet, alipovaa jezi yake, na alipoondoka wakaondoka naye.

Msafiri wa Tanga

Kaka Baba Neema, mambo ya majaji nawaachia wengine, lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita. Thabeet alichezea UConn kuanzia 2006 hadi 2009, na mchezo unaoanza saa moja jioni kule, wakati wa baridi huku kwetu ni saa tisa usiku. Watu waliamka saa hizo kwa mapenzi yao, bila kulipwa na mtu. Machi 2009, UConn na Syracuse walipocheza hadi kipindi cha sita cha nyongeza pale Madison Square Garden, ule mchezo ambao Syracuse walishinda kwa pointi 127 kwa 117, kule New York ulimalizika baada ya saa saba usiku, na huku kwetu watu walikuwa wameshafika kazini, wengine wakiufuatilia kwa siri kwenye kompyuta za ofisi. Mtu aliyepitia asubuhi kama ile haendi kokote. Mwaka 2011 nilishangilia ubingwa, nikashangilia tena 2014, 2023 na 2024, na katika timu hizo zote hapakuwa na Mtanzania hata mmoja. Nakuomba uniambie niliondoka lini.

Mhasibu wa Kisumu

Msafiri, hasira yako naielewa, ila tuseme ukweli. Thabeet alisifiwa kwa urefu wake. Mtu wa futi saba na inchi tatu akisimama chini ya kikapu, lazima azuie mitupo. Akachaguliwa wa tatu katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, na huko ligi kuu ikaonekana wazi kwamba mchezo wenyewe hakuwa nao. Hoja ya Baba Neema kwamba mlimfuata mtu inabaki pale pale.

Msafiri wa Tanga

Alichaguliwa wa pili, ndugu Mhasibu. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa pili Thabeet aliyekwenda Memphis, na wa tatu ni James Harden. Ukitaka kumpima mtu, anza kwa kumhesabu vizuri. Kijana huyu aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akaenda kumalizia sekondari Houston, na ndani ya miaka michache akatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East misimu miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka huo wa pili aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Wastani wake msimu ule ulikuwa zaidi ya pointi 13, ribaundi zaidi ya 10 na mitupo minne aliyoizuia kila mchezo, na timu ikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit. Warefu wamejaa Marekani. Niambie ni wangapi waliofanya hivyo.

Mhasibu wa Kisumu

Huyo huyo Blair ndiye aliyembeba mgongoni na kumbwaga sakafuni palepale Hartford, Februari 2009, UConn ikiwa inashika namba moja nchini. Mbona hilo hulitaji?

Msafiri wa Tanga

Nalitaja bila aibu: Pittsburgh walishinda, na Thabeet aliinuka akaendelea kucheza. Lakini kwa kuwa umeitaja Februari ile, nakukumbusha jambo lingine la siku zilezile, ambalo ndilo jibu langu kwa Baba Neema. Mwandishi mmoja alimuuliza kocha wa UConn, Jim Calhoun, baada ya mchezo, kama ni sawa alipwe dola milioni 1.6 kwa mwaka wakati jimbo lina nakisi ya bajeti, naye akajibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti. Watu wengi wa Connecticut walikuwa upande wake. Kijana kutoka Dar es Salaam aliyejaza ukumbi ule alikuwa na ufadhili wa masomo, chumba na chakula, basi. Kama ukaribu unaoulilia ulivumilia kocha kulipwa mamilioni, kwa nini ufe mchezaji akilipwa?

Baba Neema (Hartford)

Kocha ni mwajiriwa na hakuna aliyewahi kumwita mwanafunzi. Nimesema jambo moja tu kuhusu Watanzania, na sasa naona mjadala wote umekuwa kesi ya Thabeet. Naheshimu kuamka kwako usiku, Msafiri, ila kumtazama mtu kwenye skrini si kuishi na chuo. Aliyelipa ada pale, akalala katika mabweni yale na kupiga foleni kwenye theluji ili aingie Gampel, yeye ndiye mwenye haki ya kusema «sisi tumeshinda». Wengine ni wageni wanaokaribishwa.

Mama Zawadi (New Haven)

Baba Neema, kwa heshima yako, mimi sikusoma UConn na sitaomba ruhusa ya kusema «sisi». Majirani zangu wengi nao hawakusoma pale: fundi bomba, mpishi wa shule, mjane wa mtaa wa pili ambaye amehudhuria michezo ya wanawake tangu kabla hata binti yangu hajazaliwa. Jimbo hili limebanwa kati ya Boston na New York. Whalers, timu yetu ya hoki, ilihamishwa 1997, na ukiiacha Connecticut Sun ya wanawake, hatujabaki na timu kubwa ya kulipwa. UConn ndiyo timu ya jimbo zima, na ndiyo maana inacheza sehemu ya michezo yake Hartford badala ya kubaki Storrs. Kodi zetu zimo humo. Ukitufanya wageni, anza kwa kumrudishia kila mlipakodi fungu lake.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Mmeandika haya yote bila hata mmoja wenu kuwataja wanawake. Kocha Geno Auriemma amekifundisha kikosi chao cha kikapu tangu 1985, na kikosi kimechukua ubingwa wa taifa mara 12, wa mwisho ukiwa wa Aprili 2025 walipowashinda South Carolina kwa 82 kwa 59. Wanaume wana sita. Kati ya 2014 na 2017 wasichana wale walishinda michezo 111 mfululizo. Kama kuna kitu kilichowafundisha watu wa hapa kushangilia kwa uaminifu, ni wao. Na sasa fedha za kugawana zimekuja, mpango unaofuatwa na vyuo vingi unapeleka sehemu kubwa kabisa kwenye futiboli ya Kimarekani, halafu mpira wa kikapu wa wanaume, na wanawake wanapewa kidogo kilichosalia. Hilo ndilo swali ninalotaka lijibiwe.

Mhasibu wa Kisumu

Mama Zawadi umegusa penyewe. Futiboli ya UConn ina uwanja wake East Hartford, mbali na mabweni, na mwanafunzi asiye na gari hupanda basi kwenda kuangalia timu yake mwenyewe. Mwaka 2011 ilipofika kwenye Fiesta Bowl, mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu kule Arizona, chuo kililazimika kununua tiketi 17,500 ili kiziuze, nyingi zikakosa wanunuzi, na safari ya heshima ikaleta hasara ya zaidi ya dola milioni moja. Hesabu kama hizo zinapaswa kuwekwa mezani kabla ya kumgombeza mchezaji wa kikapu.

Mwana wa Lubumbashi

Ninyi nyote mnagombania malipo ambayo ndugu zetu hawawezi kuyapokea kwa uhuru. Mwanafunzi wa kigeni anaingia Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo inambana sana katika kufanya kazi. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akichezea kikapu Chuo Kikuu cha Kentucky. Wenzake Wamarekani walitia saini mikataba ya matangazo kwenye mji uleule wanaosoma. Yeye alisubiri timu ilipokwenda Bahamas mwezi Agosti mwaka ule ili afanye kazi zake za matangazo nje ya mipaka ya Marekani. Kwa UConn mlikuwa naye Adama Sanogo kutoka Mali, ambaye mwaka 2023 alicheza mashindano ya taifa huku amefunga Ramadhani, na akatajwa mchezaji bora wa nusu fainali na fainali. Angekuwepo leo, sheria ya viza ingemweka katika shaka ileile. Kwa hiyo, Baba Neema, hao unaowaita watumishi wa mkataba si wote wenye mkataba.

Baba Neema (Hartford)

Hilo la viza ni la serikali ya Marekani, wala halihusiani na nilichouliza. Narudi kwa Mama Zawadi, kwa sababu ameniweka mahali ambapo sipo. Sijamfukuza mlipakodi wala mjane yeyote. Nasema kwamba yapo maisha ya chuo ambayo mtu wa nje hayabebi. Usiku wa ubingwa wa 2023 wanafunzi waling'oa nguzo za taa pale Storrs, mlango wa jengo lao wenyewe ukavunjwa, wengine wakakamatwa. Mwaka uliofuata chuo kikaziondoa baadhi ya nguzo kabla ya fainali. Aibu ile ilibebwa na wanafunzi, wakati mashabiki wa New Haven walilala salama. Ndiyo maana nasema «sisi» ina gharama yake.

Msafiri wa Tanga

Sasa kung'oa nguzo kumekuwa ushahidi wa uanachama? Kaka, mimi nilidhani unatetea wanafunzi.

Dada wa Storrs

Nimesoma kimya tangu mwanzo, na sasa naandika kwa kuwa nasomea pale na wote mnanisemea. Wachezaji wa kikapu tunawaona zaidi kwenye mabango kuliko darasani, na hilo halikuanza na malipo. Baba Neema anaukumbuka ukaribu wa foleni ya chakula. Aprili 2014, siku chache kabla ya kuipa UConn ubingwa, Shabazz Napier aliwaambia waandishi wa habari kwamba zilikuwepo siku alilala na njaa kwa kukosa fedha ya chakula, huku jezi za timu zikiuzwa. Wiki hizo hizo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikapitisha wachezaji wapewe chakula bila kikomo. Mwaka mmoja kabla yake timu ya wanaume ilikuwa imezuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu ya alama duni za maendeleo ya masomo ya wachezaji wake. Mchezaji mwenye njaa, asiyepewa nafasi ya kusoma, ndiye aliyekuwa mwenzetu katika miaka mnayoililia.

Mimi ada naipinga kama Baba Neema, wala sioni aibu kusema hivyo. Kocha wa kikapu wa wanaume, Dan Hurley, aliikataa Los Angeles Lakers mwaka 2024 akabaki kwetu kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 50, na usiku ule tulifurahi bwenini hadi tukasahau mitihani. Fedha zikikosekana zitafutwe kwanza kwenye mafungu kama hilo na kwenye futiboli, kabla ya kufika kwa mwanafunzi wa uuguzi.

Baba Neema (Hartford)

Dada, la njaa ya Napier sikubali lielekezwe kwangu, kana kwamba nilitaka vijana wa watu walale bila kula. Chakula ni haki. Mshahara ni jambo lingine, na hakuna aliyenionyesha mpaka unapopita kati ya hayo mawili.

Mama Zawadi (New Haven)

Mpaka huo tutauchora pamoja utakaponijibu swali langu, Baba Neema. Timu yenye ubingwa mara 12 ipewe fungu gani mbele ya timu inayocheza kwenye uwanja usiofikika kwa miguu? Nimeuliza mapema, mkalipita mkaenda kwenye nguzo za taa.

Mwana wa Lubumbashi

Na langu la viza nalo limepitwa, mama. Naliandika tena: Sanogo angekuwa Storrs msimu huu, angelipwa kwa sheria ipi?