Betri ya pikipiki inachemka, volti zinafika 16: ni magneti, reguleta au waya?

bodakijiweni
Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Pikipiki ni ya Kichina, 150cc, ya starta, betri 12V 7Ah ile ya kujaza maji. Betri inapata joto kiasi kwamba mkono haukai juu yake, maji yanakauka upesi, na ukifungua kava ya pembeni unakutana na harufu ya yai viza. Globu za nyuma na za indiketa zinaungua mfululizo.

Vipimo kwenye betri: injini ikiwa imezimwa 12.7. Ikinguruma bila resi 14.0. Resi ya kati, taa zimezimwa, 15.1. Kinachonichanganya, nikiwasha taa kubwa inapanda hadi 16.2, wakati nilitegemea ishuke. Reguleta (kidhibiti cha chaji) ina waya sita: manjano tatu, nyekundu, kijani na nyeusi. Fundi anasema magneti (inayozalisha umeme injini ikizunguka) inatoa moto, yaani umeme, mwingi, tufunge koili mpya. Ni kweli?

fundi_umeme
Mkuu, usinunue koili. Magneti haina akili ya kujipunguza: kadiri injini inavyozunguka, ndivyo inavyotoa umeme mwingi. Ukichomoa soketi ya zile manjano na kupima AC (umeme wa kupishana) kati ya waya na waya kwenye resi, utakuta makumi ya volti, na hiyo ni dalili kwamba ni nzima. Kazi ya kuzuia ziada ni ya reguleta. Koili mbovu hukupa betri isiyojaa, haikupi betri inayochemka.

Lakini reguleta nayo usiihukumu bado. Anza na multimita (mita ya kupimia umeme). Zile za bei ndogo, betri yake ya 9V ikichoka, zinasoma juu kuliko ukweli. Pima betri mpya ya tochi ya 1.5V, ikikuonyesha 1.9, badilisha kwanza betri ya mita. Namba zikiwa zinarukaruka injini ikiwaka, huo ni usumbufu wa moto wa plagi. Sogeza nyaya za mita mbali na koili ya plagi.

Kisha azima betri nzima iliyojaa, uifunge, urudie vipimo. Betri iliyoganda salfeti (ukoko mweupe kwenye sahani zake za ndani) inakataa kupokea chaji, kwa hiyo volti zinapaa hata kama reguleta haina kosa. Nati ya terminali iliyolegea inaleta dalili hiyohiyo. Yenye seli iliyokufa inafanya kinyume: inachemka huku mita ikisoma 13 na kitu, na ukiiacha itulie inabaki karibu na 10.5. Hiyo 12.7 yako inaonyesha seli hazijafa.

Kiwango cha kutafuta kwenye resi ya kati ni 13.8 hadi 14.6. Ikivuka 15 maji yanavunjwavunjwa kuwa gesi, ndiyo maana yanakwisha. Na tafadhali, usichomoe betri injini ikiwaka ili "kupima chaji". Volti zinaruka ghafla na CDI (kifaa kinachowasha moto wa plagi) inaweza kuungua.

waya_mweusi
Nyongeza muhimu kwa aliyeuliza. Jibu lako liko kwenye hiyo "ikiwashwa taa inapanda".

Waya mweusi kwenye reguleta yako hauleti chaji. Ni wa kunusa: unatoka swichi ya ufunguo na kuiambia reguleta betri ina volti ngapi. Reguleta inahakikisha huo mweusi unabaki karibu na 14.4, basi. Kama njiani kuna mahali pabovu panapokula volti 1.8, reguleta itasukuma hadi betri ifike 16.2 ndipo mweusi uone 14.4. Na kwa kuwa taa kubwa inapita swichi hiyohiyo, ukiiwasha mkondo unaongezeka, volti zinazoliwa njiani zinaongezeka, na betri inapanda. Reguleta iliyokufa haina tabia hiyo. Kwa kawaida ukiongeza mzigo volti zinashuka.

Pima hivi, injini ikiwa imezimwa. Ufunguo ON, taa kubwa iwake (kama taa haiwaki bila injini, tumia indiketa na breki kama mzigo). Mita iwe DC (umeme wa betri) 20V. Waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, mweusi wa mita uuchomeke kwa nyuma ya soketi ya reguleta, palipo na waya mweusi, bila kuchomoa soketi. Inatakiwa isizidi 0.3. Ikizidi, acha mwekundu palepale na huo mwingine uurudishe hatua kwa hatua kuelekea betri: waya unaotoka swichi, unaoingia swichi, upande wa pili wa fyuzi. Namba inaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka kupima.

bodakijiweni
Nimepima, mkuu. Mweusi kwenye reguleta: 0.6 taa zimezimwa, 1.7 zikiwaka. Kutoka swichi, baada ya soketi: 1.6. Kuingia swichi: 0.2. Nimeifungua ile soketi nyeupe ya swichi nyuma ya taa kubwa, pini moja imekuwa nyeusi na plastiki pembeni yake imeyeyuka. Nifunge waya mweusi moja kwa moja kwenye betri nimalize?

waya_mweusi
Hapana. Ukiufunga moja kwa moja, reguleta itakuwa inanyonya kidogokidogo hata pikipiki ikiwa imelala, na ile pini itaendelea kuungua kwa sababu taa bado inapita hapo.

Chomoa hasi ya betri. Kata waya pande zote mbili za hiyo pini hadi ukute shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi ndani ya ganda, endelea kukata. Weka pini mpya za kike na kiume, zibane kwa koleo lake, kisha lehemu kidogo. Kusokota waya na kuzungushia tepu ndiko kunakoleta haya. Soketi ikiwa imeyeyuka sana, badilisha nzima. Ukirudisha, pima tena: ukipata 0.2 au 0.3 taa zikiwaka, washa injini. Betri inatakiwa isome 14.2 hadi 14.6, na taa zisibadilishe kitu.

Kama hasara ingekuwa ndani ya swichi yenyewe na huna ya kubadilisha, ungeweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme): pini yake ya 30 itoke betri kupitia fyuzi ya ampia 5, 87 iende waya mweusi, 86 ipate moto wa swichi, 85 ethi (hasi). Hapo inajizima na ufunguo.

Kama pini ni nzima, hasara ni ndogo, na bado una 16, hapo ndipo ununue reguleta. Nenda dukani na ya zamani mkononi, linganisha mpangilio wa rangi, siyo umbo la soketi tu. Zipo zinazoingia vizuri huku waya zimepishana.

fundi_umeme
Safi. Sasa hiyo betri: ongeza maji yaliyokenekwa (distilled water) hadi mstari wa juu, usiongeze asidi. Kilichopotea zaidi ni maji, asidi karibu yote imebaki ndani. Ukiongeza nyingine unazila sahani. Ichaji polepole, ampia 0.7, penye hewa na mbali na moto. Iache saa kadhaa, kisha bonyeza starta huku mita iko kwenye terminali. Ikishuka chini ya 9.5, imeshakufa.

Angalia pia mpira wake wa kupumulia. Betri iliyokuwa inachemka inatema asidi humo, na mpira ukiishia juu ya cheni, cheni inaliwa. Uelekeze chini kabisa, usibanwe na kava.